Kiwanja cha Mafia cha Mwaka 1915 na Ramani za Kuigiza Urubani: Suala la Usahihi wa Kihistoria

Ikisiri

Makala haya yanajadili usahihi wa kihistoria wa viwanja vya ndege vya visiwani vya wakati wa vita, kama vinavyoonyeshwa katika ramani za programu za kompyuta za kuigiza urubani. Mfano mkuu ni Kisiwa cha Mafia, ambako mwaka 1915 Waingereza walitengeneza kiwanja cha ndege kwa ajili ya kuishambulia manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg katika delta ya Mto Rufiji. Mfano huo unalinganishwa na ule wa visiwa vya Mariana katika Bahari ya Pasifiki. Hoja inayojengwa ni kwamba usahihi wa ramani za namna hii una sehemu tatu, yaani usahihi wa mahali, wa wakati na wa jina, na kwamba ni rahisi kwa ramani kutimiza sehemu ya kwanza huku ikipotoka katika mbili zilizobaki.

1.0 Utangulizi

Programu za kuigiza urubani si jambo jipya. Kampuni ya Microsoft ilitoa toleo lake la kwanza la Flight Simulator mwaka 1982, na ramani ya wakati huo ilikuwa mistari michache tu juu ya kioo cha kompyuta. Toleo la mwaka 2020 ni jambo lingine kabisa. Linaonyesha dunia nzima kwa kutumia picha zilizopigwa kutoka angani, na pale ambapo hakuna vipimo kamili vya majengo, programu yenyewe huziumba nyumba na miti kwa kukisia kutokana na picha hizo.

Kutokana na maendeleo hayo, mtu aliyeketi mbele ya kompyuta Kinondoni au Temeke anaweza kuondoka katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, akapita juu ya mapaa ya Mbagala, akaifuata Barabara ya Kilwa kuelekea kusini, akaiona mikoko ya Rufiji ikitandaa hadi baharini, kisha akavuka maji na kutua Kilindoni, Mafia. Umbali wa moja kwa moja kati ya viwanja hivyo viwili ni kilomita zipatazo 130. Safari hiyo ni ya leo, na kama safari ya leo haina kasoro kubwa. Swali linalozuka ni hili: mtu huyohuyo akitaka kuisafiri njia hiyo kama ilivyokuwa mwezi Julai 1915, ramani itampa nini?

Swali hili lina uzito kwa sababu mbili. Kwanza, anga la Rufiji na Mafia ni mahali ambapo ndege zilitumiwa vitani mapema sana katika historia ya Afrika Mashariki. Pili, picha inayosogea huaminiwa kwa urahisi zaidi kuliko maandishi. Msomaji wa kitabu hujua kwamba anasoma maelezo ya mtu fulani, na akitaka anaweza kuyapinga. Anayeruka juu ya kisiwa katika kompyuta huhisi kwamba amekiona kwa macho yake.

2.0 Maana ya usahihi wa kihistoria

Katika mjadala wa ramani hizi, neno usahihi aghalabu hutumiwa kana kwamba lina maana moja. Inafaa maana zake zitenganishwe.

Usahihi wa mahali unahusu vipimo: kisiwa kiwe na umbo lake, kiwanja kiwe pale kilipo, na umbali kati ya sehemu moja na nyingine uwe ule unaopimika. Usahihi wa wakati unahusu hali: kila kilichoonyeshwa kiwe kilikuwapo katika tarehe inayodaiwa, na kile ambacho hakikuwapo kisionyeshwe. Usahihi wa jina unahusu lugha na watu: mahali paitwe kama palivyoitwa na waliopakaa, na kuwapo kwao kusifutwe.

Picha za setilaiti zimeitatua kwa kiasi kikubwa sehemu ya kwanza. Hata hivyo, setilaiti haiwezi kupiga picha ya mwaka 1915. Hivyo kadiri ramani inavyozidi kuwa sahihi kwa mahali kwa kutegemea picha za leo, ndivyo inavyozidi kuwa katika hatari ya kupotoka kwa wakati, kwa kuwa kila undani unaoongezwa ni undani wa leo.

3.0 Tukio lenyewe

Ili kupima ramani, hapana budi kwanza tukio lielezwe. Manowari Königsberg, iliyoongozwa na Kapteni Max Looff, ilifika Dar es Salaam mwezi Juni 1914. Tarehe 20 Septemba mwaka huo iliizamisha manowari ya Kiingereza iitwayo Pegasus katika bandari ya Zanzibar, kisha ikajificha katika mikondo ya delta ya Rufiji. Mwishoni mwa Oktoba Waingereza waliigundua ilipo, wakaifungia njia za kutokea. Hata hivyo, meli zao kubwa hazikuweza kuingia katika maji mafupi ya delta, na kutoka baharini mabaharia hawakuweza kuona chochote kupita ukuta wa mikoko.

Ndege ndizo zilizotafutwa zitoe jawabu. Mnamo Novemba 1914 rubani wa kiraia kutoka Afrika Kusini, Dennis Cutler, aliletwa pamoja na ndege ya majini ya aina ya Curtiss. Kituo chake kilikuwa kisiwa kidogo ambacho kumbukumbu za Kiingereza hukiita Niororo. Cutler aliweza kuiona manowari, lakini mwezi Desemba ndege yake ililazimika kutua deltani, naye akatekwa.

Mwezi Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia ili iwe kituo cha mashambulizi. Mwezi Februari zikaja ndege za majini za aina ya Sopwith chini ya John Cull wa kikosi cha anga cha jeshi la majini la Uingereza. Ndege hizo zilishindwa na hali ya hewa. Hewa yenye joto ni nyepesi, hupunguza nguvu ya injini na uwezo wa mabawa kubeba uzito. Nao unyevu wa pwani uliziharibu mbao na gundi zilizoshikilia ndege hizo. Mwezi Aprili zililetwa ndege za aina ya Short, ambazo ndizo zilizowezesha manowari kupigwa picha kutoka angani.

Mwezi Juni 1915 zikawasili ndege za nchi kavu, za aina ya Caudron na Henri Farman, na kiwanja kikasafishwa Mafia kwa ajili yake. Wakati huohuo zilifika Severn na Mersey, meli mbili za mizinga zenye kina kifupi ambazo zilikuwa zimekokotwa kutoka Malta. Shambulio la kwanza, la tarehe 6 Julai, halikufanikiwa kuiangamiza Königsberg. Katika shambulio la pili, la tarehe 11 Julai, Cull na mwenzake Arnold walikuwa angani wakiwaelekeza wapiga mizinga kwa simu ya upepo. Ndege yao ilipigwa, lakini waliendelea kutuma masahihisho ya shabaha huku wakishuka, mpaka ilipoangukia majini karibu na Mersey. Wote wawili waliokolewa. Königsberg iliharibiwa vibaya, na Looff akaamuru ilipuliwe. Mizinga yake kumi ilitolewa majini ikatumika katika vita vya nchi kavu. Mmojawapo umehifadhiwa Fort Jesus, Mombasa.

4.0 Usahihi wa wakati

4.1 Uwanja na njia ya kurukia

Ramani za dunia nzima hupata viwanja vyake katika orodha za viwanja vinavyotumika leo. Kwa Mafia, kinachopatikana ni kiwanja cha Kilindoni chenye njia moja iliyonyooka ya lami. Anayeigiza vita vya 1915 akianzia hapo, anaanza na kosa ambalo haliondoki kwa kubadilisha rangi ya ndege.

Kiwanja cha mwaka 1915 hakikuwa njia. Ndege za wakati huo zilikuwa nyepesi mno na hazikuweza kustahimili upepo wa ubavuni, kwa hiyo rubani alihitaji eneo wazi ambamo angeweza kuielekeza ndege kinyume cha upepo, popote upepo utokako. Hapa lugha ya Kiswahili imehifadhi jambo ambalo ramani imelisahau. Neno uwanja lina maana ya eneo lililo wazi, kama uwanja wa mbele ya nyumba au uwanja wa mpira. Halina maana ya njia. Msemo uwanja wa ndege ulieleza kwa usahihi kamili kile kilichokuwapo katika miaka ya mwanzo ya urubani, na bado watu wanautumia ingawa kitu chenyewe kimebadilika. Mtengenezaji wa ramani ambaye angeifuata maana ya neno hilo angekaribia zaidi ukweli wa 1915 kuliko anayefuata orodha ya kisasa.

Vilevile, haifai kudhani kwamba kiwanja cha leo kimekaa juu ya kile cha zamani kwa kuwa tu vyote viko katika kisiwa kimoja. Mwendelezo wa namna hiyo hauna budi kuthibitishwa kwa ushahidi, na usipothibitishwa, ramani isiudai.

4.2 Maji, mikoko na misimu

Delta ni mahali pasipotulia. Mashapo hujaza mkondo mmoja na mafuriko hufungua mwingine. Mikoko huota penye matope mapya na kufa panapokatwa na maji. Picha ya leo ya Simba Uranga au Kikunja si picha ya njia zilizopitwa na Severn na Mersey. Zaidi ya hayo, picha ya setilaiti hushika saa moja tu ya siku moja. Yaweza kuwa imepigwa wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa hadi kwenye mashina ya mikoko, au wakati maji yamekupwa na matope yako wazi. Kwa mvuvi wa Rufiji tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtumbwi utapita au hautapita. Kwa meli za mwaka 1915 iliamua saa ya kuingia vitani.

Upepo nao ni ushahidi. Mapigano yalifanyika Julai, yaani katikati ya msimu wa kusi, ilhali safari za Cutler zilikuwa za Novemba, wakati kusi imekwisha na kaskazi inakaribia. Picha zilizopigwa Aprili zilipigwa katika majira ya masika. Mtu yeyote wa pwani akitajiwa miezi hiyo anaelewa mara moja kwamba hizi ni anga tatu tofauti. Programu inayotoa upepo uleule kwa safari zote hizo imekosea historia hata kama kila mti uko mahali pake.

4.3 Manowari isiyoonekana

Mabaki ya Königsberg yaliendelea kuonekana mtoni kwa miaka mingi. Watu mbalimbali waliyachokonoa kutafuta chuma na vitu vya thamani, na katika miaka ya 1960 yakadidimia mchangani. Kwa hiyo mtu anayetazama picha ya leo haoni kitu. Hii ndiyo hali ya jumla ya ushahidi wa vita katika pwani hii: kilichotengenezwa kwa turubai, mbao na udongo uliofyekwa hakidumu karne nzima. Kutoonekana kwa kitu katika picha ya leo si hoja kwamba hakikuwapo.

5.0 Ulinganisho: visiwa vya Mariana

Tatizo hili si la Mafia peke yake. Mwaka 2021 watengenezaji wa programu ya DCS World walitoa ramani ya visiwa vya Mariana katika hali ya wakati wa sasa. Visiwa hivyo ni maarufu kwa mapigano ya mwaka 1944, na wengi waliopenda kuigiza vita hivyo walijikuta wana visiwa sahihi katika wakati usio wao. Ilibidi baadaye iandaliwe ramani nyingine inayoonyesha visiwa vilevile katika hali ya mwaka 1944.

Tofauti kati ya hali hizo mbili ni kubwa. Kaskazini mwa kisiwa cha Tinian Wamarekani walijenga njia nne sambamba za kurukia, na ni kutoka hapo ndege iitwayo Enola Gay iliondoka tarehe 6 Agosti 1945 kwenda kuipiga Hiroshima kwa bomu la atomiki. Baada ya vita sehemu kubwa ya kiwanja hicho iliachwa ikamezwa na pori kwa miongo mingi. Katika kisiwa jirani cha Saipan, kiwanja ambacho Wajapani walikiita Aslito kilitekwa, kikapewa jina la Kamanda Robert Isely aliyeuawa katika mashambulizi ya Juni 1944, na leo mahali hapo ni uwanja wa kimataifa wa Saipan.

Hata hivyo, kuna tofauti ya msingi kati ya Mariana na Mafia. Viwanja vya Mariana vilijengwa kwa matumbawe yaliyopondwa na lami, vikapigwa picha maelfu kutoka angani, na michoro yake ikahifadhiwa. Mtengenezaji akikosea, anaweza kusahihishwa kwa nyaraka. Mafia ilipata kiwanja cha miezi michache katika vita ambavyo historia ya dunia huvitaja kwa ufupi. Matokeo yake ni kwamba mapigano ya Ulaya na Pasifiki yanaandaliwa ramani za wakati wake, ilhali visiwa vya Afrika Mashariki huachiwa ramani ya leo itumike kwa nyakati zote. Kisiwa kisichoandaliwa ramani ya wakati wake huonekana kama kisiwa kisicho na wakati uliopita.

6.0 Usahihi wa jina

Jina Niororo linalotumika katika maandishi ya Kiingereza ni lile la kisiwa kinachoandikwa leo Nyororo, ambacho ni mojawapo ya maeneo tengefu ya bahari katika Wilaya ya Mafia. Msemaji wa Kiswahili akisoma Nyororo husikia neno lenye maana ya ulaini, vyovyote asili ya jina itakavyokuwa. Akisoma Niororo hasikii kitu. Ramani inayonakili tahajia ya baharia wa 1914 bila maelezo humfanya mwenyeji awe mgeni wa jina lake mwenyewe. Jambo la kufanana na hili lilitokea Saipan, ambako jina la Isely liliandikwa kimakosa Isley katika maandishi mengi ya wakati wa vita, na kosa likaenea kuliko usahihi.

Kinyume chake, yapo majina yaliyobeba historia ambayo ramani haikuibeba. Wakazi wa Dar es Salaam waliiita Königsberg Manowari na Bomba Tatu, kwa kuhesabu mabomba yake ya kutolea moshi. Jina hilo ni ushahidi wa watazamaji. Linatujulisha kwamba watu wa mji waliitazama meli hiyo, wakaipima kwa macho, na wakaitofautisha na nyingine. Katika programu za kuigiza vita watu hao aghalabu hawamo. Kuna rubani, kuna shabaha, na kati yao kuna miti.

Kariakoo ni mfano wa pili. Jina hilo latokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, kilichowekwa hapo baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Makadirio ya wanahistoria kuhusu wapagazi waliokufa kwa upande wa Waingereza pekee katika vita hivyo yanakaribia laki moja. Makamia ya watu wa Kinondoni na Temeke hupanda daladala za Kariakoo kila siku, na kila kondakta anapoliita jina hilo anataja, pasipo kukusudia, kumbukumbu ya vita iliyo kubwa kuliko manowari yoyote. Jina la mahali limehifadhi kile ambacho picha ya setilaiti haiwezi kukihifadhi.

7.0 Kipingamizi na jawabu

Yamkini itapingwa kwamba hizi ni programu za burudani, na kwamba kuzidai usahihi wa kihistoria ni kuzitwisha mzigo usio wake. Kipingamizi hiki kina nguvu kiasi. Hakuna anayedai kwamba riwaya ya kihistoria iwe na kila undani wa kumbukumbu za serikali, na kiigizo nacho kina haki ya kubuni.

Hata hivyo, riwaya hujitangaza kuwa riwaya. Ramani za kuigiza urubani hutangazwa na kusifiwa kwa uhalisi wake. Uhalisi ndio bidhaa inayouzwa. Anayeuza uhalisi hana budi kukubali kupimwa kwao. Isitoshe, kosa la ramani lina tabia ya kuzaliana: picha za programu hunakiliwa katika filamu, katika mafunzo na katika maelezo ya wanafunzi, na baada ya muda hakuna akumbukaye kwamba chanzo kilikuwa dhana ya mtengenezaji.

Kipingamizi cha pili ni kwamba ushahidi wa kiwanja kama cha Mafia ni mchache, kwa hiyo bila kubuni hakuna ramani. Jawabu ni kwamba kubuni si kosa. Kosa ni kuficha ubunifu. Mwanaisimu anayeunda upya umbo la neno la kale huliwekea alama ya nyota ili msomaji ajue kwamba umbo hilo halikupatikana katika maandishi, bali limekisiwa kwa kanuni. Ramani nayo yaweza kuwa na nyota yake.

8.0 Hitimisho

Kutokana na mjadala huu, mambo manne yanajitokeza. Kwanza, kila ramani ya vita itaje tarehe inayodai kuiwakilisha, maana ramani isiyo na tarehe haiwezi kupimwa. Pili, kilichothibitishwa kitofautishwe na kilichokisiwa. Tatu, majina yaandikwe kwa tahajia ya wenyeji, na tahajia ya nyaraka za zamani ibaki kama maelezo. Nne, misimu, pepo na maji ya pwani yahesabiwe kuwa sehemu ya historia, si pambo la mandhari.

Kazi ya tatu na ya nne haiwezi kufanywa na mtengenezaji aliye mbali akiwa na picha za setilaiti tu. Inawahitaji watafiti wa lugha na wa historia simulizi, ambao wanaweza kuuliza Mafia na Rufiji jinsi mikondo, visiwa vidogo na mashamba yanavyoitwa, na majina hayo yanasimulia nini. Mashahidi wa mwaka 1915 hawapo tena, lakini majina waliyoyatumia huenda bado yamo vinywani mwa wajukuu zao. Yakipotea hayo, hata ramani yenye kila jani la mkoko itakuwa ni picha ya mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kupaita jina.